Nzi wa Uzi wa Kofia

Kaka yangu anaishi Uingereza, katika mji wa pwani wenye baridi, na kila akija kwetu Ibra, Oman, likizo huleta zawadi isiyo na kazi. Mwaka mmoja alituletea miavuli mitatu. Mwaka mwengine koti la sufu, baba akalitundika nyuma ya mlango na lipo mpaka leo. Mara hii ya mwisho alishuka na bomba refu la plastiki, na ndani yake mlikuwa na ufito mwembamba wa vipande vinne. Ukiuunga, unakuwa mrefu kuliko mlango wa majlisi, chumba chetu cha wageni. Una kigurudumu chake, kimezungushiwa mshipi mnene wa rangi ya ndimu.

"Wa kuvulia samaki," akasema.

Baba aliutazama ule ufito, akanitazama mimi, akasema, "Ibra." Hilo tu. Kutoka kwetu mpaka baharini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na njia nzima ni mawe na mbuzi.

Kaka hakujali. Alitueleza kwamba huko kwake watu wazima, wenye akili zao, husimama gatini wakavua samaki anayeitwa heringi, jamaa wa dagaa, kwa ufito kama ule. Tena hawatii chambo. Wanatia nzi. Si nzi wa kuruka, ni nzi wa kutengeneza: unyoya kidogo na uzi unaong'aa, umefungwa kwenye ndoana ndogo kama kucha ya mtoto mchanga. Samaki anaona kitu kinametameta, anadhani ni chakula, anakibugia.

Nilicheka mpaka shela ikaniporomoka kichwani. Mimi nimezaliwa na mtu wa Unguja, nimekulia Oman, dagaa nawajua. Huku huvuliwa kwa nyavu, huanikwa mchangani, hutiwa magunia, na sehemu kubwa huliwa na ngamia. Kumtafuta dagaa mmoja mmoja kwa ndoana niliona ni sawa na kula wali kwa sindano.

"Na sisimizi mnawavua kwa nini huko?" nikamuuliza.

Kaka akanuna, akarudi kwake, ufito ukabaki umelala juu ya kabati. Na pale ungelala mpaka kiama, lakini siku zile mimi nilikuwa nimeposwa.

Ndiyo, nimeposwa, na nina miaka arubaini na sita. Niliachika zamani, kazi yangu ni kugonga mihuri kwenye ofisi moja ya serikali Al-Mudhaibi, na nilikuwa nimeshajizoesha kuwa shangazi wa kila mtu. Akatokea bwana mmoja wa Sur, huko pwani, mjane, mwalimu wa hesabu, masikio makubwa na adabu nyingi. Alikuja kutafuta karatasi ya shamba la marehemu mama yake. Karatasi haikuonekana. Akarudi, akarudi tena, na mara ya nne ndipo nikagundua kuwa karatasi yake alishaipata tangu mara ya pili. Basi ikawa nakwenda kazini naimba garini, peke yangu, vioo vimefungwa, na dereva wa lori kwenye taa akinitazama mimi namtazama na sinyamazi.

Baba aliikubali posa siku hiyo hiyo ilipoletwa. Alimpenda yule bwana. Tatizo halikuwa bwana, tatizo lilikuwa mkono.

Inataka nieleze. Kwetu Oman, mmiminaji wa kahawa husimama na dele, birika lake, mkono wa kushoto, na mgeni hupokea finjani kwa mkono wa kulia. Ukimaliza ukairudisha hivi hivi, utajaziwa. Ukimaliza tena, utajaziwa tena. Ukiwa umetosheka, unaitikisa finjani, kidogo tu, mmiminaji anaipokea na kwenda kwa mwengine. Hakuna anayeuliza wala anayejibu. Hata mtoto wa miaka minne anaijua adabu hiyo.

Sasa baba alipata kiharusi, kidogo alhamdulillah, lakini kilimwachia mkono wa kulia dhaifu na unaotetemeka. Idi ya kwanza baada ya hapo alikwenda kwa jirani kama desturi. Akapokea finjani. Mkono ukatetemeka, finjani ikatikisika, na mmiminaji, bila ya kufikiri, akaichukua na kahawa yake imo. Akaja mwengine na dele jengine, yakawa yale yale. Mara ya tatu mwenye nyumba akasema kwa mzaha, "Mzee leo haitaki kahawa yetu," na majlisi nzima ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini walicheka.

Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na kanzu yake ya Idi, akaniambia, "Kahawa imenikimbia mara tatu." Mimi nami nikacheka, Mungu anisamehe, maana alivyolisema lilichekesha. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hakwenda tena majlisi ya mtu. Nikimwambia apokee kwa mkono wa kushoto ananiangalia kama nimemwambia atoke bila ya kanzu.

Kwa hivyo tulipopanga siku ya akdi, ya kufunga ndoa, akaniambia taratibu, huku anatazama dirishani, "Atakuja kaka yako akae badala yangu. Mimi nitampa uwakala."

Walii wangu, wa kuniozesha, ni yeye. Siku ya akdi ni yeye anayetakiwa kukaa mbele ya bwana harusi, mkono wa kulia ndani ya mkono wa kulia, mbele ya wanaume wa Ibra na wa Sur, na kahawa inazunguka.

"Sitaki wakala," nikamwambia.

"Nikimpa mkono utamtikisikia, atadhani nimetosheka naye."

Alikuwa ananitania, lakini macho hayakuwa ya utani. Na mimi iliniuma, sitaficha. Ndoa yangu ya kwanza yeye hakukaa kwa sababu hakumtaka yule mume. Alikaa ami yangu, na baba ndiye aliyekuwa sawa. Miaka yote hii nilijiambia kwamba ikitokea bahati ya pili, nataka niozeshwe na yeye mwenyewe, kwa mkono wake na kwa radhi yake. Bahati ya pili ndiyo hiyo imekuja na masikio makubwa, na mwenye mkono anautia chini ya shuka.

Kila Jumatatu nikimpeleka spitali Nizwa kwa binti mmoja wa mazoezi. Binti yule alimpa mpira wa sponji aufinye mara mia asubuhi na mara mia jioni. Baba akaufinya siku ya kwanza, siku ya pili akampa paka. Binti akanivuta pembeni akaniambia, khala, mama mdogo, huyu mtafutie kazi ya vidole anayoipenda mwenyewe, kwa sababu vidole visipofanya kazi sasa vitalala moja kwa moja.

Kazi ya vidole aliyoipenda naijua. Baba alifanya kazi idara ya umeme miaka mingi, lakini jioni zake zote alishona kofia. Kofia za vishimo, za hariri, zile ambazo sindano inapita mara elfu kabla ya kuonekana umbo. Nyumba nzima imevaa kofia zake. Baada ya kiharusi aliifungia kofia moja, nusu imeshonwa, ndani ya kopo la biskuti pamoja na nyuzi zake, na ole wake atakayeligusa.

Nikaligusa.

Nilisubiri Alkhamisi baada ya chakula, nikakaa mbele yake na kopo, ndoana ndogo alizoziacha kaka, na unyoya wa jogoo wa jirani. Huo unyoya nao una kisa, maana nilimkimbiza yule jogoo uani nikiwa na abaya yangu ya kazini, na jirani akanikuta nimemkumbatia. Nikamwambia namsalimia. Sasa nakaa, nakata uzi wa hariri wa rangi ya fedha, nauzungusha kwenye ndoana, unateleza, nauzungusha tena, nakata mwengine.

Baba alivumilia nyuzi mbili. Uzi wa tatu akasema, "Unajua ule uzi umetoka wapi?"

"Kopo la biskuti."

"Lete. Lete hapa kabla hujanifilisi. Unafunga kama unafunga mbuzi."

Akaishika ndoana kwa mkono wa kushoto, akaubana uzi kwa kidole gumba cha kulia juu ya goti, akavuta. Kidole kikatetemeka, uzi ukatoka. Akatukana kidogo, matusi ya Unguja ya zamani, ya heshima kabisa. Akaubana tena. Mimi nikamwachia, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Ilipofika alasiri alikuwa amemaliza nzi mmoja, tumbo la fedha, mkia wa unyoya mwekundu, na fundo lile lile la kumalizia kofia.

"Mimi ningekuwa dagaa ningemla," nikasema.

"Wewe unakula kila kitu," akasema, akachukua ndoana nyengine.

Jumatatu ya pili binti wa Nizwa aliukagua mkono wake, akauliza ule mpira anaufinya mara ngapi kwa siku. Baba akajibu bila ya kupepesa, "Mara nyingi." Nikatoka nje nicheke.

Kutengeneza nzi kulikuwa rahisi. Balaa lilikuwa kurusha. Ufito ule haurushwi kama mshipi wenye risasi. Unaupeleka nyuma, unausubiri mshipi unyooke hewani, kisha unauleta mbele polepole. Kaka alinifundisha kwa simu ya video, yeye amesimama jikoni kwake na mwiko, mimi nimesimama uani na ufito. Siku ya kwanza nilinasa mtende. Siku ya pili nilinasa kanga zilizoanikwa, kisha abaya yangu mwenyewe mgongoni, nikazunguka uani kama paka anayetafuta mkia wake. Siku ya tatu nzi aliruka ukuta akanasa dishi la televisheni la jirani, jirani yule yule wa jogoo. Baba alikuwa amekaa kibarazani na chai yake, analia kwa kicheko, anajifuta kwa kofia. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu ile Idi.

Nikaona hapa hapa.

"Baba, tuwekeane sharti. Twende Sur Ijumaa. Tukipata dagaa mmoja, mmoja tu, kwa nzi zako, siku ya akdi unakaa mwenyewe."

Aliufikiria mtende, akalifikiria dishi. "Na tukikosa?"

"Tukikosa anakaa kaka, na sitalitaja tena."

"Lakini umvue wewe," akasema. "Mkono wako. Mimi sina mkono."

Nikakubali haraka haraka, mjinga mimi, kwa kuwa nilisikia ndiyo na sikusikiliza yaliyofuata.

Ijumaa baada ya sala tukashika njia. Baba kavaa kanzu safi, kofia yake nzuri, nzi kumi na mbili wamechomwa kwenye kipande cha sponji ambacho nilikitambua, ni ule mpira wa spitali, paka alikuwa ameubakisha nusu. Tulipita Sur tukaendelea kidogo kuelekea Qalhat, mahali pana ufukwe mdogo wa changarawe ambao yule bwana wangu alinielekeza. Alisema dagaa husogea pale alasiri karibu kabisa na nchi. Na kweli, nilipofungua mlango wa gari niliwaona. Maji yalikuwa yanametameta hatua kumi tu kutoka ukingoni, kundi zima la dagaa papa, wenyewe huku wanawaita uma, wanageuka pamoja, wanang'aa, wanazima, wanang'aa.

Moyo ukanienda mbio. Nikauunga ufito, nikafunga nzi watatu. Na hapo hapo nikasikia nyuma yangu, "Assalamu alaikum."

Alikuwa mvuvi mtu mzima, kakaa kivulini mwa mashua yake anashona wavu, dele na finjani ziko pembeni. Kwa watu wa huku huwezi kuitikia salamu ukaenda zako. Baada ya salamu huulizwa habari, kwa utaratibu wake: habari zenu, hakuna habari, na nyinyi habari zenu, hakuna habari, za huko mlikotoka, za mvua, za barabara, za mitende, za waliokufa na waliooa. Atakayeikata ni mshenzi. Na baba yangu, ambaye mwaka mzima hajakaa na mwanamme wa kumjua wala asiyemjua, alisimama pale akajibu habari moja baada ya moja, kikamilifu, mkono wa kulia kauficha ndani ya mfuko wa kanzu. Akaulizwa Ibra ikoje. Akaieleza Ibra yote. Mimi nachungulia baharini, dagaa wanang'aa, nahama mguu huu nahamia huu kama mtoto anayetaka choo. Walipofika kwenye bei ya ngamia nikamvuta baba upindo wa kanzu.

"Huyu binti yangu," baba akamwambia mvuvi. "Amekuja kuvua uma kwa fimbo."

Mvuvi akauweka wavu chini. Hilo hakutaka limpite.

Nikarusha. Mshipi ukaenda nyuma, ukanasa wavu wake. Akaunasua bila ya neno, kwa heshima kubwa, midomo kaibana. Nikarusha tena, nikajinasa mkono wa abaya. Mara ya tatu, wallahi, mshipi ulikwenda kama kwenye video, ukanyooka, nzi watatu wakatua laini kabisa katikati ya kundi. Nikavuta. Hakuna. Nikarusha, nikavuta, hakuna. Dagaa waliwatazama wale nzi wakaachana kuwapisha, kama watu wanaompisha mgonjwa wa mafua. Nusu saa nzima. Mgongo unaniuma, jasho linanitoka, na nilianza kuiona majlisi na kaka yangu amekaa pahala pa baba.

"Unavuta kama unavuta ndoo kisimani," baba akasema. Alikuwa ameshasogea mpaka maji yanamgusa viatu. "Usivute. Mwachie mwenyewe aje. Hebu."

"Hebu nini?"

"Hebu lete huo uzi."

Tukafanya hivi: ufito kaushika kwa mkono wa kushoto, mimi nimemsaidia kurusha, halafu mshipi akaupokea kwa mkono wa kulia, katikati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyoubana uzi wa hariri. Mimi nimemshika kiuno asianguke. Mkono ukaanza kutetemeka kama kawaida yake. Na ule mtetemo ukashuka kwenye mshipi, ukaingia majini, na kule mwisho nzi watatu wakaanza kucheza. Niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa wanatapatapa kama vitu vyenye roho.

Baba akakunja uso. "Kimya. Kuna mtu."

"Nani?"

"Humu kwenye uzi. Ananigonga." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimemsikia kwa vidole. Vya kulia."

Ufito ukainama. Nikarudi nyuma naye, hatua kwa hatua, na wakatoka majini wawili kwa pamoja, dagaa papa wawili wa urefu wa kiganja, wanarukaruka kwenye changarawe na nzi wa kofia mdomoni. Mvuvi akasimama. Mtu anayevua uma kwa magunia tangu utoto wake alikuja mbio, kanzu kaikunja, kuwaangalia wawili.

Tukarusha tena, akapata. Tukarusha, akapata watatu, kila nzi na wake. Mimi nilikuwa nacheka mpaka siwezi kuwanasua, nawadondosha, nawakimbiza, na baba ananifokea nisiwavute, midomo yao laini itachanika. Nikamwomba anipe mshipi nijaribu kutetemeka. Nikatetemesha mkono kadri nilivyoweza, hakuja hata mmoja. Mvuvi naye akaomba. Akasimama pale na ndevu zake nyeupe anautikisa mkono kwa bidii, kama anafukuza nyuki, na dagaa wakaondoka kabisa. Akarudishiwa baba, wakarudi. Walimtaka yeye tu. Nilifurahi namna ambayo sijui kuieleza. Nilitaka kumpigia simu kila mtu ninayemjua na wengine nisiowajua.

Jua lilipopungua ukali kundi likahama. Tulikuwa na ndoo ya mvuvi imejaa nusu. Nikakaa kwenye changarawe, nikakunja mikono ya abaya, nikasema kama mshindi, "Haya baba. Sharti limetimia."

"Halijatimia."

"Hawa ni nini?"

"Sharti lilikuwa umvue wewe," akasema. "Umemvua nani wewe? Umevua wavu wa watu na nguo yako."

Nikamtazama. Hakuwa anatabasamu. Nikalirudisha lile sharti kichwani neno kwa neno, na alikuwa sawa, mzee yule, alikuwa sawa kabisa. Mkono wangu haukupata kitu. Nikahasirika naye, tena sana. Nikasimama nikaenda kuufungua ufito, nikavitia vipande kwenye bomba kwa kishindo, machozi yananitoka na kamasi juu, na nanuka samaki mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa tayari kuurudisha Uingereza kwa posta.

Nyuma yangu mvuvi alikuwa amechukua dele. Nikageuka. Akamimina, akainyoosha finjani kwa baba.

Baba alikuwa amekaa juu ya gogo la mashua. Mkono wa kulia, wenye magamba ya samaki mpaka kifundoni, ulikuwa umelala gotini. Hakuutia mfukoni. Aliunyoosha akaipokea finjani. Na finjani, kama tulivyojua sote wawili, ikaanza kutikisika.

Mvuvi akaleta mkono kuichukua. Si kosa lake. Ni mazoea ya umri mzima. Mimi nikafumba macho.

"Acha, ndugu yangu," nikamsikia baba akisema kwa Kiarabu, bila ya kupandisha sauti. "Huo ni mkono tu. Mimi sijatosheka."

Nikafumbua macho. Mvuvi alikuwa anautazama ule mkono, akaitazama ndoo, akautazama tena mkono.

"Mkono huo?" akasema. "Mkono huo mimi ningeuposa."

Baba akacheka, kahawa ikamwagika nusu kwenye kanzu, iliyobaki akainywa. Akarudisha finjani, inatikisika, na mvuvi akamjazia. Akainywa. Akamjazia ya tatu. Baada ya hiyo ya tatu baba akaiweka gotini, akaifunika kwa kiganja cha kushoto, na mvuvi akaelewa bila ya kuambiwa. Ikawa imepatikana njia, rahisi namna hiyo, na mwaka mzima hatukuiona.

Nikaja nikakaa karibu yake. Akanipa leso nijifute.

"Yule mwalimu wako," akasema kwa Kiswahili, anatazama baharini. "Mwambie siku hiyo anishike kwa nguvu. Asije akadhani nimemaliza."

Siku ya akdi mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimepakwa hina mpaka viwikoni, sioni kitu, nasikia tu sauti za wanaume ukutani. Kaka alikuwa ndani ya majlisi, mgeni kama wageni wengine, na simu yake kaificha chini ya kanzu. Nilimwandikia mara sita: vipi? Mara ya saba akanijibu.

"Wameshikana. Wanatetemeka wote wawili, bwana harusi zaidi. Baba kamnong'oneza kitu."

"Kamwambia nini?"

Akaandika:

"Kamwambia, usivute. Mwachie mwenyewe aje."